Kuishuhudia Imani Bila Kuiuza: Tunayojifunza Isaka



Katika miezi hii mitatu ofisi yetu imepokea maswali mawili. La kwanza lilitoka kwa kamati ya parokia moja ya huku kwetu, tena lilisemwa mkutanoni bila kuzungushwa: "Kisima kimechimbwa kwa fedha za Wakristo, na mawe tumebeba sisi. Mbona wanachota watu wote, hata ambao hatujawahi kuwaona kanisani?" La pili lilikuja kwa barua kutoka kwa mhisani wetu wa siku nyingi. Aliuliza kwa upole kabisa: tangu mradi uanze, ni watu wangapi wameipokea imani?

Wote wawili wana haki ya kuuliza. Anayetoa fedha yake au nguvu zake lazima ajue zimezaa nini. Lakini ukiyatazama vizuri, maswali haya yana mzizi mmoja: yote yanadhani kwamba maji na Injili vinapaswa kupita katika bomba moja. Makala hii inaeleza kwa nini tumeamua kutenganisha mabomba hayo, na kwa nini kuyatenganisha hakujatufanya tunyamaze kuhusu Kristo.

Isaka ni mahali gani

Kwa wahisani ambao hawajafika, Isaka ni mji mdogo wa mkoa wa Shinyanga, upande wa Kahama, kwenye reli iendayo Mwanza. Hapa ndipo ilipo bandari kavu: kwa miaka mingi makontena yameshushwa hapa kutoka kwenye mabehewa na kupandishwa kwenye malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa hiyo kuna madereva na utingo kutoka Dar es Salaam, Tanga, Kigali na kwingineko, wengi wao Waislamu, wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Kuna mama lishe, kuna wenye nyumba za wageni. Tangu mwaka 2021, ulipoanza ujenzi wa reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka, wamekuja pia mafundi na vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Ukitoka hapa kuelekea kaskazini-magharibi unaingia nchi ya dhahabu: Bulyanhulu, kisha Geita, pamoja na maduara yasiyohesabika ya wachimbaji wadogo.

Na pembeni ya hayo yote wapo wenyeji, Wasukuma, wenye ng'ombe, mpunga na pamba zao. Wapo Wakatoliki, Walutheri, waumini wa African Inland Church na Wapentekoste. Wapo pia wazee wengi ambao hawakubatizwa kamwe. Si kweli kwamba wazee hawa hawana dini, ingawa katika ripoti zetu za zamani tuliwaandika hivyo. Wanamtaja Mungu kwa majina ya Liwelelo au Seba, wanawakumbuka mababu zao, masamva, na anayekaa nao jioni moja atasikia sala.

Katika mahali kama hapo, ambapo watu ni mchanganyiko na wengi wana shida, ni rahisi sana kwa mwenye unga kujiona mwenye Mungu.

Kosa letu wenyewe

Tuanze na ungamo. Mwaka 2006, baada ya mvua kukosekana, sehemu kubwa za nchi zilikuwa na upungufu wa chakula, na sisi tuligawa mahindi na unga. Kwa kuwa ghala lilikuwa jirani na kanisa, na kwa kuwa Jumapili ndiyo siku watu wanapokusanyika, tuliona ni rahisi kugawa baada ya Misa. Hakuna aliyetangaza kwamba asiyesali hapati. Haikuwa lazima kutangaza, watu wana macho. Jumapili ya pili mabenchi yalijaa hadi nje, na mimi mwenyewe niliandika katika ripoti kwamba "mwitikio wa kiroho ni mkubwa".

Mvua ziliponyesha na chakula kikapatikana mashambani, mabenchi yakarudi kama zamani. Siku moja nilikutana njiani na mzee ambaye wakati wa njaa hakukosa hata Jumapili moja. Nikamwuliza kwa utani mbona amepotea. Akanijibu bila chuki yoyote: "Mwanangu, nilidhani ile ndiyo ada."

Mzee huyo hakuwa mnafiki. Alilipa deni kwa njia aliyoonyeshwa, yaani kwa kukaa kwenye benchi. Walimu wake tulikuwa sisi. Na hasara haikuishia kwenye ripoti yangu ya uongo: tangu siku ile hawezi kulisikia neno la Mungu kutoka kinywani mwetu bila kukumbuka debe. Tulimpa unga, tukamnyang'anya nafasi ya kuisikia Injili kama habari ya bure.

Kosa hili ni la zamani kuliko sisi, na wengi wamelitafakari. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana juu ya kanuni za maadili, na mojawapo inasema kwamba msaada hutolewa kwa kuangalia shida ya mtu, wala hautumiki kuendeleza msimamo wa siasa au wa dini. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, namba 31, alifundisha kwamba upendo wa Kikristo hutolewa bure na si chambo cha kuwavutia watu upande wetu. Aliongeza jambo ambalo makatekista wetu hulipenda, kwamba Mkristo anapaswa kujua wakati wa kusema habari za Mungu na wakati wa kuacha upendo peke yake useme. Mwezi Juni 2011 Vatikani, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na umoja wa makanisa ya kiinjili wa dunia walitoa kwa pamoja mwongozo juu ya ushuhuda wa Kikristo kati ya watu wa dini nyingi, nao unakataa hila na vishawishi vya kila namna. Katiba ya nchi yetu pia, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua na hata kubadilisha dini, na inaiacha kazi ya kueneza dini iwe huru na ya hiari.

Hakuna hata moja kati ya hati hizi inayowaambia Wakristo waifiche imani yao. Wengine huzisoma hivyo, nasi tuliwahi kuzisoma hivyo. Kwa miaka kadhaa baada ya 2006 tuliogopa hata kuomba kabla ya mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyetuuliza kama tumeacha dini.

Msibani

Sasa niwasimulie kilichotufundisha upande wa pili, ule wa kusema. Ni habari ya katekista wa kigango kimoja kilicho mbali kidogo na Isaka. Hatutaji jina lake wala la kijiji.

Mtoto alifariki kwa homa. Kabla matanga hayajaanuliwa, baadhi ya wanaukoo walikwenda kwa mpiga ramli, wakarudi na jina: bibi kizee jirani, mjane, mwenye macho mekundu. Wasomaji wa huku wanajua jambo hili linaishia wapi. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga katika Shinyanga na mikoa jirani kwa sababu kama hiyo, wakati macho yale yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Imani hiyo hiyo ya ramli ndiyo iliyoleta mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino.

Katekista alikuwa amekaa msibani na wanaume wengine. Aliposikia minong'ono alisimama. Alisema maneno machache: kwamba yeye amebatizwa, kwamba Mungu anayemwamini hajamruhusu kumtafuta mchawi, kwamba mtoto alikufa kwa malaria na yeye mwenyewe alisaidia kumpeleka zahanati akiwa amechelewa, na kwamba usiku ule bibi yule atalala nyumbani kwake. Kisha akaondoka kwenda kumchukua.

Alilipa. Kutengwa ni adhabu nzito katika Usukuma, na tangu Sungusungu ilipoanzia huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vinajua kuitumia. Msimu ule hakuna aliyekuja kumsaidia kuvuna mpunga. Mke wake alisalimiwa kisimani kwa nusu mdomo. Baadhi ya waliomsusia walikuwa Wakristo wenzake, na hili tuliseme wazi, kwa sababu kati ya wale waliokwenda kwa mpiga ramli walikuwamo watu wa jumuiya yake ndogondogo.

Kutoka hapo tulipata kipimo tunachokitumia hadi leo. Kwenye foleni ya unga, anayeihubiri imani halipi kitu. Anayelipa ni msikilizaji, maana hawezi kuondoka bila kupoteza chakula cha wanawe. Msibani mambo yalikuwa kinyume: msemaji ndiye aliyelipa, na waliomsikia walikuwa huru kabisa kumkataa, nao kweli walimkataa. Basi tunawaambia makatekista na wafanyakazi wetu: kabla hujafungua kinywa, tazama gharama iko kwa nani. Ikiwa iko kwako, sema. Ikiwa iko kwake, subiri.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 aya ya 15, anawataka Wakristo wawe tayari kumjibu yeyote anayewauliza habari za tumaini lao, tena kwa upole na heshima. Mara nyingi tunakumbuka kujibu tukasahau kwamba katika aya hiyo mtu ameuliza kwanza. Mwaka mmoja na zaidi baada ya msiba ule, watu wa nyumba mbili walikwenda kwa katekista usiku kumwuliza alipata wapi moyo ule. Aliwajibu. Familia moja leo iko katika mafundisho, nyingine haikuendelea. Bibi mwenyewe aliishi pale miaka kadhaa, akafa hajabatizwa, amewakumbuka masamva wake hadi mwisho. Katekista alimwimbia nyimbo za kanisa alipokuwa mgonjwa kwa sababu bibi alizipenda. Hakumwekea sharti lolote.

Kwa nini unyenyekevu

Wasomaji wengine watasema unyenyekevu ni tabia njema tu, kama kuvua kofia. Sisi wa Isaka tuna sababu zaidi, nayo imepita kwenye barabara yetu.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Chakula cha wakimbizi kilipita kwenye reli hii hadi Isaka, kikapakiwa kwenye malori. Rwanda ilikuwa kati ya nchi zenye Wakristo wengi kabisa barani Afrika. Madaftari yake ya ubatizo yalijaa. Hata hivyo watu walichinjwa ndani ya makanisa waliyokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa buldoza juu ya waliokuwamo, na padre wa parokia alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha. Mwaka 2008 rufaa iliongeza adhabu yake kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Dereva wa Kigali aliyelala Isaka akisikia tunamhubiria kwa kujigamba, anaweza kuwa mtu aliyepoteza mama yake ndani ya kanisa. Hatuwezi kujua. Kwa hiyo tunaanza kwa kumsikiliza, na tukifika kwenye habari za Yesu hatuzitenganishi na habari za makosa yetu. Hilo pia ndilo linalotufanya tusite mhisani anapoomba idadi ya walioongoka.

Unyenyekevu una upande mwingine, wa kukaa na kujifunza. Adriano Atiman, daktari na katekista, alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea uganga Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 mahali pamoja. Watu waliomsikia akifundisha dini walikuwa wamemwona akifunga vidonda vya baba zao. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alijifunza mila, ngoma na alama za utemi wa Kisukuma hata akajenga kanisa la duara lenye alama hizo, na makumbusho ya Kisukuma pembeni yake. Miradi yetu ya miaka mitatu mitatu haina budi kuona aibu kidogo mbele ya watu kama hao.

Pamoja na majirani Waislamu

Hapa tahadhari ni kubwa zaidi. Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, ubishi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uligeuka ghasia, na mchungaji mmoja aliuawa. Waliokuwapo miaka ile wanakumbuka jinsi hofu ilivyosambaa hadi kwenye mabucha ya Kahama. Kabla yake, kwa miaka mingi, mihadhara ya hadhara ya kushindanisha Biblia na Kurani ilikuwa imewazoesha vijana wa pande zote mbili kwamba kuishuhudia imani maana yake ni kumwaibisha jirani mbele ya kipaza sauti.

Tunawashauri makatekista waseme kwa nafsi ya kwanza: "mimi nilikuwa hivi, Kristo akanitendea hivi." Ushuhuda wa namna hiyo haumvunjii mtu heshima, na msikilizaji akitaka kujua zaidi atauliza. Anayeanza na "dini yenu inakosea hapa" amekwisha kufunga mlango, hata kama hoja yake ni nzuri. Nasi tukubali kusikiliza ushuhuda wa jirani kwa masikio yale yale. Watoto wasifundishwe dini yetu bila wazazi wao kujua. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anapenda kuombewa, na akisema hapana, aendelee kupewa uji.

Neno moja kuhusu machimboni. Katika maduara mchimbaji anaweza kukaa miezi bila kupata kitu, naye hutafuta dawa ya bahati kwa mganga. Siku hizi wamekuja pia wahubiri wanaomwambia kwamba akitoa sadaka kubwa atakuta mwamba wenye dhahabu. Naomba nisamehewe na wanaohusika, lakini sioni tofauti ya hirizi ile na hii, isipokuwa ya pili imevaa tai. Anayekwenda kuwahubiria wachimbaji awaeleze Kristo aliye pamoja nao hata wakitoka duarani mikono mitupu. Wasikilizaji watakuwa wachache. Basi wawe wachache.

Majibu yetu

Kwa kamati iliyouliza kuhusu kisima: orodha ya wanaohudumiwa itaendelea kutengenezwa pamoja na wenyeviti wa vitongoji, kwa kuangalia umbali na shida. Kamati ya maji imechaguliwa upya, na ndani yake yumo mama mmoja Mwislamu na mzee mmoja asiye na ubatizo. Huyo mzee ndiye anayetunza ufunguo wa pampu, maana watu wote walimtaja. Ubao wa kisima unasema wazi kwamba kimejengwa na Wakristo kwa ajili ya kila mtu. Hatukuona sababu ya kuficha neno hilo. Mikutano tunafungua kwa sala, tukieleza kwanza kwamba asiyependa anaweza kubaki kimya au kuingia baadaye, na hakuna anayeandikwa jina kwa kuchelewa. Vyakula vya dharura havitagawiwa tena Jumapili wala katika uwanja wa kanisa.

Kwa mhisani wetu tumeandika kwamba idadi ya waliobatizwa imo katika daftari la parokia, na mwenye daftari hilo ni Paroko. Sisi tutaendelea kumtumia hesabu za fedha, za ndoo na za matengenezo ya pampu. Tulimweleza pia habari ya katekista na ya bibi, kama nilivyowaeleza ninyi, na tukamkaribisha aje Isaka aone. Amejibu kwamba atakuja baada ya mavuno ya mpunga. Ameuliza kama anaweza kulala kwa katekista yule badala ya hoteli ya Kahama, nasi tumempelekea katekista swali hilo. Anatafuta kitanda.